Nilimsubiri Izini Stendi

Hogo bichi, ile plasta ya kufungia mfupa uliovunjika, lina harufu yake. Ni kama chokaa iliyomwagiwa maji ya moto, na ndani yake kuna pamba ya hospitali. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja huko mjini, mwanangu mgongoni, mkeka wangu umekunjwa miguuni, tunangoja aingizwe kurudishiwa ngiri. Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa, harufu ile ikatoka. Wakati huohuo binti wa dirishani akaniambia, macho yake kwenye kompyuta, kwamba nivumilie, bado wanasubiri idhini.

Nikacheka. Nilicheka mpaka mzee aliyekaa pembeni yangu akasogea kidogo. Sikuwa na furaha yoyote. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu huanzia kwenye kicheko. Nimeirithi kwa mama.

Basi nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokua wakati wa vocha za kukwangua na simu zenye tochi, ambao sasa mna watoto na kadi za watoto. Mimi niliwahi kwenda stendi kumpokea idhini. Nilikwenda kwa miguu yangu, nimevaa viatu vya sikukuu ya Idi. Msicheke kabla sijamaliza.

Tulihamia Geita tukitokea Tanga. Baba alikuwa amepata udereva kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa na shughuli ndani ya mgodi. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la maji na kumwagilia barabara ili vumbi litulie. Mimi nikaelewa kwamba baba anamwagilia dhahabu ili iote, nikawaambia hivyo wenzangu shuleni, na hakuna aliyenibishia, kwa sababu baba zao walikuwa mashimoni na wao walidhani ni mizizi inayochimbwa.

Mama ndiye aliyepata shida. Tanga alikuwa na dada zake watatu ndani ya mtaa mmoja. Geita hakuwa na ndugu hata wa kumsingizia. Vumbi jekundu liliingia kwenye chai, kwenye shuka, kwenye kope. Wiki ya kwanza alipika wali wa nazi kwa nazi iliyosafiri nasi, akala akilia, halafu akafuta macho na kutuambia ni moshi. Aliyetupokea alikuwa jirani, Mama Kulwa, Msukuma wa kijijini, aliyekuja mlangoni na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani. Mama hakujua vinaliwaje. Mama Kulwa akaingia jikoni bila kuombwa na kuvichemsha.

Mama Kulwa alijifunza Kiswahili ukubwani, na kwake viumbe wote walikuwa "i". Baba yako imeenda kazini. Mwalimu imerudi. Mtoto imelala. Na herufi ya r haikupita mdomoni mwake hata kwa bahati mbaya, wala dh. Dada yangu mkubwa, Radhia, akawa Lazia. Mama, kwa kuwa Radhia ndiye wa kwanza, akawa Mama Lazia, na kabla mwezi haujaisha mtaa mzima ulimwita hivyo, na yeye aliitika. Baba alipomuuliza kwa nini hawasahihishi, alisema mtu anayekuita kwa wema hukai ukamkagua herufi.

Kadi za bima zilikuja kwenye bahasha ya kaki. Nne, za plastiki, zina picha zetu tukiwa tumekodoa macho. Baba alizipanga juu ya meza kama mtu anayegawa karata. Hatukuwahi kuwa na kitu kama hicho. Kwetu ukiugua unakwenda hospitali ya serikali na kukaa foleni, basi. Hizi kadi zilikuja na kijitabu cha masharti, chote Kiingereza, na msomi wetu wa Kiingereza alikuwa Radhia wa darasa la nne, aliyekuwa anajua rangi na majina ya wanyama. Alikipekua kurasa zote akasema humu hamna ng'ombe wala bluu. Kikawekwa kabatini nyuma ya birika.

Kwenye kadi yangu kulikuwa na neno MTEGEMEZI. Nikamuuliza Radhia. Akafikiri, akasema ni mtu anayeegemea. Kwa majuma kadhaa sikuegemea ukuta wala mlango, nisije nikaimaliza kadi ya baba.

Kadi ya Radhia iliandikwa LAZIA. Fomu ilijazwa kule ofisini kwa mkandarasi na karani mmoja kijana, Masanja, kwa kusikiliza: baba anataja, yeye anaandika, na aliandika kama alivyosikia na kama ambavyo yeye mwenyewe angetamka. Mama alishika tumbo kwa kucheka, akasema sasa mwanangu amebatizwa na serikali ya Mama Kulwa. Baba alirudi kesho yake kumwambia Masanja. Akaambiwa asiwe na wasiwasi, itarekebishwa kadi zikibadilishwa mwakani.

Sasa Radhia. Radhia alikuwa na mwandiko ambao walimu waliita wenzao waje wautazame. Alikuwa akiandika kila kitu: majina ya kuku, orodha ya dukani, majina yetu kwa mkaa ukutani mpaka mama akampiga. Alisema atakuwa mwandishi wa vyeti, yule anayejaza majina kwenye vyeti kwa wino mweusi. Sikujua kama kazi hiyo ipo. Mpaka leo sijui.

Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na msingi wa nyumba isiyoisha, na juu ya ukuta wake tulikuwa tunatembea kwa kushindana, mikono imenyooshwa. Radhia aliteleza akaangukia mkono wa kulia. Sikumsikia akilia. Nilimwona amekaa chini anaukagua mkono wake kama wa mtu mwingine, kiwiko kimetokea upande ambao si wake.

Mama alimbeba mpaka hospitali ya binafsi iliyokuwa inapokea kadi zetu. Picha ikapigwa, hogo la nusu likawekwa ili mkono usitikisike, na daktari akaeleza kwa lugha rahisi kabisa, hata mimi wa miaka saba nikaelewa. Mfupa wa juu ya kiwiko umevunjika na umehama. Aingie theta, urudishwe na kushikiliwa kwa pini, ndani ya siku chache, kwa sababu mfupa wa mtoto hausubiri mtu, unaunga vilevile ulivyokaa. Ukiunga vibaya, mkono huo hautanyooka na vidole havitakuwa na nguvu. Yeye yuko tayari hata leo. Ila kwa bima hii, upasuaji lazima ukubaliwe kwanza na Dar.

Dirishani alikuwa dada mmoja anaitwa Kabula, mpole, mwenye kalamu masikioni, moja kila upande. Akatuma karatasi kwa faksi. Akamwambia mama, "Mama Lazia, kaa hapo. Tunasubili Izini kutoka Dal."

Nikamsikia vizuri sana. Izini. Nilikuwa na mjomba anaitwa Idi na rafiki wa baba anaitwa Idrisa, kwa hiyo Izini hakunishangaza. Nikamchora kichwani: mrefu, mwenye mkoba, ameshika pini za mkono wa dada yangu kwenye kisanduku.

Siku ya pili Kabula akasema Izini haijafika. Mtoto mwingine angeshtuka hapo, kwamba mtu "hajafika" na kitu "haijafika". Mimi nilikuwa nimeshaishi na Mama Kulwa. Jioni hiyo nilimuuliza Mama Kulwa Izini inachukua muda gani kutoka Dar. Akapepeta mchele, akanijibu kwamba kama imetoka Dal leo, kesho saa nne itakuwa stendi, wote wanaotoka huko wanalala Mwanza kwanza. Alidhani namuulizia mgeni. Na mimi nilikuwa namuulizia mgeni.

Msituulize kwa nini hatukumpeleka kwingine. Baba aliuliza kazini, akajibiwa kwamba akitoka nje ya hospitali iliyoandikwa, kadi haitasoma. Daktari wa mifupa naye alikuwa pale pale, tunamwona akipita na chai yake. Na Kabula kila asubuhi alisema leo. Mtu anayeambiwa leo haondoki.

Siku ya tatu nilivaa viatu vya Idi, nikawaaga kwamba naenda chooni, nikavuka barabara. Stendi ilikuwa ng'ambo tu ya hospitali. Magari ya Mwanza yalikuwa yanaingia, watu wanashuka na kuku na magodoro, wanunuzi wa dhahabu na vimizani vyao kwapani. Nikachagua mwenye mkoba.

"Shikamoo. Wewe ndiye Izini?"

Akasema marahaba, yeye si Izini, yeye ni fundi wa friji. Nikamwendea mwingine, na mwingine. Wapiga debe wakanizunguka. Mmoja akasema Izini anamjua, ana deni lake la chapati. Mwingine akasema Izini ameoa Katoro, hawezi kuja leo. Wakacheka sana. Siku ya nne nilirudi, na yule wa chapati, labda kwa kunionea huruma, labda kwa kutaka niwaondokee, akaniambia, "Umechelewa, mdogo wangu. Izini amepita sasa hivi, ana kofia nyeupe. Ameelekea hospitali."

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki barabarani. Niliingia pale mapokezi nikasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena, kwamba Izini amefika, amefika, ana kofia.

Nataka muone nilichokiona. Mama alisimama. Alimwinua Radhia, akamfunga kanga kiunoni, akaushika ule mkono kwa mikono miwili kama mtu anayebeba sufuria la uji, na akafika mpaka mlango wa theta. Muuguzi akaufungua. Kabula akasimama, akaenda kwenye mashine yake ya karatasi, akainama, akapekua, akarudi. Akatikisa kichwa. Hakuna kitu.

Mama akanigeukia na kuniuliza nani kaniambia. Nikasema mtu wa stendi. Watu wa kwenye mabenchi wakaelewa kabla ya mama, wakaanza kuangua vicheko, na mmoja akarudia neno kofia. Radhia naye akacheka kidogo, akaumia, akaacha. Mama akachuchumaa mbele yangu. Nilidhani atanipiga.

"Mwanangu, idhini si mtu."

"Si mtu?"

"Si mtu. Ingekuwa mtu, ningemfuata."

Akabaki amechuchumaa hivyo. Kisha nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekumbuka alikoacha funguo. Akasimama, akaenda dirishani, akamwambia Kabula kwamba idhini si mtu lakini yuko mtu anayekaa nayo, na yeye anataka kuongea na huyo mtu. Kabula akasema hairuhusiwi. Mama akasema sawa, akabaki pale pale, tumbo lake limebana dirisha, na nyuma yake foleni inarefuka. Kabula akatazama kushoto na kulia, akampitishia simu.

Ilichukua muda mrefu. Alihamishwa kwa huyu na yule. Mwishowe akampata mwanaume mmoja, na kwa jinsi mama alivyolainika mwanzoni, nadhani alisikia lafudhi ya kwao. Yule bwana akamweleza kwamba ombi limekataliwa tangu jana. Cheti cha kuzaliwa kilichoambatanishwa na ombi kinasema Radhia. Kadi inasema Lazia. Kwa upande wao hao ni watu wawili.

"Basi mtibuni Lazia," mama akasema. "Kadi mmempa Lazia, mshahara wa baba yake mnaukata kwa jina la Lazia. Lazia ninaye hapa, kavunjika mkono."

Nadhani alijibiwa kwamba Lazia alete cheti chake cha kuzaliwa.

"Kaka, wewe ni mtu wa pwani kama mimi. Unajua kabisa Lazia ni nani."

Akasikiliza. Nikaona mdomo wake unakuwa mwembamba. Akarudisha simu taratibu, akamshukuru Kabula, na kwa mara ya kwanza akacheka kile kicheko ninachokisema. Akasema, "Anajua. Amekiri anajua."

Hilo ndilo ambalo halijanitoka. Ningemsamehe mtu asiyejua. Mama Kulwa hakuwa na kosa, Masanja alikosea kama binadamu anavyokosea, hata yule mpiga debe na kofia yake nimemsamehe. Yule bwana alijua. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake anajua, na herufi mbili zikawa ukuta wa kujificha. Mtu akikuambia kwamba mambo ya bima ni magumu, ni masharti, ni mfumo, mwambie mama yangu alishaongea na mfumo kwenye simu. Ulikuwa na lafudhi ya Tanga.

Kesho yake asubuhi mama alichukua mkeka wetu wa ukili, ule wa kutoka nyumbani, akaenda kuutandika mbele ya geti la ofisi ya mkandarasi, pale magari yanapokatia kona. Akamketisha Radhia, akaniketisha mimi, akaweka chupa ya chai. Mama Kulwa akafunga mlango wake na kuja na michembe yake. Mlinzi akatoka na rungu, akasema hapa si mahali pa kukaa. Mama Kulwa akamjibu kwa Kisukuma, maneno marefu, bila kupaza sauti. Sijui alisema nini. Najua mlinzi alianza na ukali na kumaliza na mayu, kama unavyomwita mama yako, kisha akarudi kibandani na kutuletea kiti. Mama hakukitaka.

Tulikaa siku mbili. Magari yalitumwagia vumbi. Baba alipita na gari lake la maji mara nne, na kila akipita alimwagilia mbele yetu taratibu, akitazama mbele kama hatufahamu, maana bosi wake alikuwa dirishani. Mchana wa siku ya pili Masanja akatoka. Alikuwa kijana mdogo kuliko nilivyodhani. Akasema, "Mama Lazia, ni mimi niliyeandika."

"Najua ni wewe. Kaa, andika tena."

Akavua viatu, akakaa mkekani, akaweka karatasi juu ya goti. Akaandika barua kwamba kosa ni lake, kwamba Lazia na Radhia ni mtoto mmoja. Alipofika kwenye jina akasita, akauliza inaanzaje. Mama akamwambia R. Akauliza ipi. Mama akasema, "Ile yenye mguu." Radhia, kwa mkono wa kushoto, akamchorea mchangani, R kubwa, na mguu wake umenyooka. Masanja akainakili. Akagonga muhuri ambao nadhani hakuwa na ruhusa ya kuutoa ofisini. Baadaye nilisikia amehamishiwa stoo ya matairi.

Idhini ilifika siku ya tisa. Haikuwa na kofia. Ilikuwa karatasi, na Kabula alikuja nayo nyumbani kwetu akikimbia, kalamu zote mbili zimemdondoka. Daktari akapiga picha nyingine, akainyanyua kwenye mwanga. Mfupa ulikuwa umeshaanza kuunga. Kuurudisha sasa ilitakiwa uvunjwe upya, na huo ni upasuaji mwingine, una jina lingine, unahitaji idhini nyingine.

Mama aliikunja ile karatasi, akaitia kifuani. Hakusubiri ya pili. Baba akaomba ruhusa, wakampeleka Radhia hospitali ya misheni upande wa Shinyanga, na kule hawakuuliza Lazia wala Radhia, waliuliza anaumwa wapi. Walifanya kilichobaki kufanywa. Mkono wa dada yangu unakunjika. Haunyooki. Ana cherehani Kahama, anashona vizuri, anaandika vipimo vya wateja kwa kushoto, na mwandiko wake ni mbaya kama wangu.

Mimi naishi Mwakitolyo. Mume wangu yuko kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu, na mwajiri wake ametupa kadi. Mwanangu anaitwa Radhia. Huku wananiita Mama Lazia na ninaitika, tena kwa moyo. Lakini siku ya fomu nilikwenda mwenyewe, nikasimama nyuma ya karani, nikatazama kila herufi ikiingia.

Nilipomaliza kucheka wiki iliyopita, nilisogea dirishani.

"Mdogo wangu, hiyo idhini iko kwa nani?"

Akasema iko Dar. Nikamwambia Dar ni mji, nauliza iko kwa nani. Akasema kwenye mfumo. Nikamwambia mfumo mama yangu aliwahi kuongea naye, ni mwanaume. Hapo ndipo akainua macho. Alinitazama, akamtazama mtoto, akatazama mkeka chini ya mkono wangu. Akabonyezabonyeza. Akasoma jina la mtu, kwa sauti ndogo, na namba ya mezani kwake.

Nikatoa kadi ya kliniki ya mwanangu na kalamu. "Nitajie herufi moja moja."

Jina lilianza na R.

"Ile yenye mguu?" nikauliza.

Hakunielewa. Nikaiandika kubwa, nikamalizia jina zima, nikapiga namba. Simu ilipoanza kuita, nikakunjua mkeka pale pale mbele ya dirisha, nikakaa.